Bastola ya Kapiteni
Namna tulivyotafuta asili ya silaha ya kale iliyohifadhiwa parokiani



Katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mapadri, chini ya mavazi ya kale ya Misa na vinara vilivyovunjika, lilikuwako sanduku la bati ambalo kila paroko alilipokea kutoka kwa mwenzake na kumwachia aliyemfuata. Ndani yake mlikuwa na bastola moja kuukuu, imefungwa katika kitambaa cha kaki, na pamoja nayo kipande cha karatasi ngumu kilichoandikwa kwa Kifaransa na mkono tusioutambua. Karatasi ile ilidai kwamba hiyo ndiyo bastola ambayo Kapiteni Joubert alimtetea nayo Baba Mtakatifu mjini Roma mwaka 1870.

Komite ya Yubile ilipoanza kupanga maonyesho, wengi walitamani bastola hiyo iwekwe mahali pa heshima, karibu na mlango mkubwa wa kanisa, na picha yake itiwe kwenye jalada la kitabu hiki. Fikiri basi: silaha iliyomlinda Papa, kisha ikavuka bahari na nyika, ikaja kuwalinda babu zetu juu ya ukingo wa Ziwa Tanganyika! Ni parokia gani isingejivunia urithi wa namna hiyo? Lakini Padri Paroko alituambia neno moja: kabla ya kuchapa, tuhakikishe. Watatu kati yetu tukapewa kazi hiyo. Makala hii ni taarifa yetu mbele ya familia nzima ya parokia.

I. MANENO YA WAZEE

Tulianza kwa kuwasikiliza wazee, kwa sababu katika nchi yetu kitabu cha kwanza ni kinywa cha mzee. Tulipata masimulizi matatu, wala hayapatani.

Katekista mmoja mstaafu alitueleza kama ilivyoandikwa kwenye karatasi. Alisema kwamba baba yake naye alisikia kwa wazee wa Mpala kuwa Kapiteni alikuwa na bastola ya Roma, na kwamba alipozeeka na macho yake kuzimika aliigawa mali yake kidogo kidogo kwa watu wa misioni.

Mwalimu mmoja wa zamani alikataa. Kadiri ya maneno ya ukoo wake, bastola iliachwa na afisa wa Kibelgiji, mmoja wa wale waliokuja kupigana na wafanya biashara ya watumwa, aliyetibiwa homa katika kijiji chao na kuwaachia silaha yake kama shukrani.

Wa tatu alikuwa bibi kizee ambaye nyanya ya mama yake aliletwa misioni akiwa mtoto aliyekombolewa. Yeye alisema bila kusitasita: hiyo si bastola ya Kapiteni wala ya Mbelgiji yeyote. Ilikuwa ya mkubwa wa msafara wa Wangwana. Nyanya yake aliiona kiunoni mwa mtu yule njia nzima, toka siku kijiji chao kilipochomwa moto mpaka siku alipobadilishwa kwa vitambaa. Bibi huyo aliongeza neno lililotuuma: “Mkiiweka mlangoni pa kanisa na kuiita takatifu, mimi nitapita mlango wa nyuma.”

Tuliondoka kwake kimya. Hapo tukaelewa kwamba kazi tuliyopewa haikuwa mchezo wa kupendezwa na vitu vya kale. Tukikosea, tutaheshimu chombo ambacho labda kilimtisha mtoto wa watu njiani. Tukikosea upande mwingine, tutamnyang’anya Kapiteni kitu kilichokuwa chake.

II. SILAHA YENYEWE YASEMA NINI

Kwa kuwa vinywa vya watu havikupatana, tuliiuliza silaha yenyewe. Tuliisafisha taratibu kwa kitambaa laini na mafuta ya taa, bila kuikwaruza, kisha tukaichunguza juani kwa kioo cha kukuzia. Tuseme kwanza kwamba haiwezi tena kupiga risasi: kutu imekula kifyatulio na nyundo mpaka vimekuwa kitu kimoja.

Ni bastola ya silinda inayozunguka, yenye matundu 6. Silinda ina mifereji ubavuni. Mtutu wake una pande 8. Upande wa kuume kuna kilango kidogo: unakifungua, unatia risasi moja, unazungusha, unatia nyingine, mpaka zitimie 6. Maganda matupu yanasukumwa nje moja moja kwa kijiti cha chuma. Mpini ulikuwa wa mti. Upande mmoja umeliwa na mchwa.

Risasi zake zilikuwa za ganda la shaba lililojazwa baruti nyeusi. Yafaa tueleze baruti hiyo kwa vijana wetu. Ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura kadiri ya sehemu 75 kwa 100, makaa ya miti sehemu 15, na salfa sehemu 10. Kwa karne nyingi dunia nzima haikujua baruti nyingine ya kupigia bunduki. Ikiwaka hutoa moshi mweupe mzito, hata mpigaji mwenyewe haoni mbele, na huacha masizi yenye chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa. Silaha isipooshwa kwa maji ya moto, ikakaushwa na kupakwa mafuta, huoza upesi, na zaidi sana katika hewa ya ziwani kama hapa kwetu. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyo na moshi, na tangu hapo majeshi ya Ulaya yakaanza kuiacha ile nyeusi. Ndiyo sababu bastola za namna hii zilizofika kwetu na kudumu mpaka leo ni chache mno: zile ambazo hazikupotea vitani zililiwa na masizi yao wenyewe.

Ubavuni mwa fremu, chini ya kutu, tulisoma jina la watengenezaji, Nagant, na jina la mji wao, Liège, ulioko mashariki mwa Ubelgiji. Namba ya bastola imeliwa. Tarakimu 2 tu zinasomeka. Lakini juu ya silinda tulikuta alama mbili ndogo kuliko punje ya mtama, na hizo ndizo zilizotufungulia njia. Ya kwanza ni herufi E, L na G ndani ya duara refu kama yai. Ya pili ni herufi moja yenye nyota juu yake.

III. MJI WA LIÈGE NA ALAMA ZAKE

Liège ni mji wa wafua silaha tangu kale. Zamani ulitawaliwa na askofu ambaye alikuwa pia mkuu wa nchi, na mwaka 1672 mmoja wao, Maximilien-Henri wa Bavaria, aliamuru mitutu ya bunduki ipimwe kabla ya kuuzwa. Sababu yake ilikuwa nyepesi kuelewa: mtutu dhaifu hupasuka mkononi mwa mwenyewe na kumwua. Mpimaji hutia baruti nyingi kupita kipimo cha kawaida, hupiga, na mtutu ukistahimili hugongwa muhuri. Baadaye, mwaka 1810, Ubelgiji ulipokuwa chini ya Ufaransa, Kaisari Napoleon aliagiza upimaji huo kwa miji yote ya silaha ya ufalme wake, na tangu wakati huo muhuri wa Liège ukawa zile herufi E, L, G.

Wapimaji wa Liège walibadilisha alama zao mara kwa mara, na mabadiliko hayo yaliandikwa katika sheria. Herufi ya mkaguzi ilivikwa taji tangu mwaka 1853. Mwaka 1877 taji hilo liliondolewa na mahali pake ikawekwa nyota. Kisha, mwaka 1893, taji lilirudi, safari hii juu ya lile duara la herufi E, L, G.

Sasa msomaji apime pamoja nasi. Herufi ya mkaguzi juu ya bastola yetu ina nyota: basi haikupimwa kabla ya mwaka 1877. Duara la E, L, G halina taji: basi haikupimwa baada ya badiliko la mwaka 1893. Bastola yetu ilizaliwa katikati ya miaka hiyo miwili.

Umbo lake lathibitisha jambo hilohilo. Ndugu wawili, Émile na Léon Nagant, walifungua karakana yao Liège mwaka 1859. Mwaka 1878 jeshi la Ubelgiji liliichagua bastola yao iwe silaha ya maafisa wake, nayo ilikuwa ya matundu 6, ya baruti nyeusi, yenye mtutu wa pande 8, kama hii yetu. Afisa aliweza kupiga kwa kuvuta kifyatulio tu, bila kuinua nyundo kwanza kwa kidole gumba. Mwaka 1883 jeshi lilichagua nyingine iliyo rahisi zaidi kwa maafisa wadogo. Jina la Nagant lilienea baadaye duniani kote kwa sababu ya bastola waliyowafanyia Warusi mwaka 1895, lakini hiyo ni ya namna nyingine na ya baruti nyingine.

Mji wa Roma ulichukuliwa na jeshi la Italia tarehe 20 Septemba 1870. Siku hiyo bastola yetu haikuwa imefuliwa bado. Haikumtetea Papa. Karatasi iliyomo ndani ya sanduku imekosea.

Hatutaficha kwamba tulihuzunika. Tena tulikuta jambo ambalo lingeweza kutupotosha kama tusingeziona alama zile. Katika miaka ya mwisho ya 1860 ndugu Nagant walitengeneza maelfu ya bunduki za mfano wa Remington kwa ajili ya jeshi la Papa, na kazi hiyo ndiyo iliyoikuza karakana yao. Kwa hiyo, jina la Nagant lilijulikana kwa askari wa Papa, na mtu aliyelisikia jina hilo, kisha akaliona juu ya bastola, angeweza kwa nia njema kuunganisha mambo mawili yasiyoungana. Pengine hivyo ndivyo masimulizi yetu yalivyozaliwa. Bunduki zilikwenda Roma. Bastola hii ilikuja baadaye, nayo haikupita huko.

IV. NJIA YA KUFIKA ZIWANI

Tulibaki na swali jingine: kitu kilichofuliwa Liège kati ya mwaka 1877 na mwaka 1893 kilifikaje kwetu?

Njia ya miaka ile inajulikana. Mizigo ya Ulaya ilishushwa Unguja, ikavushwa mpaka Bagamoyo, ikapandishwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Msafara ulikwenda miezi kupitia Tabora mpaka Ujiji au Karema, na hapo mizigo ikatiwa katika mitumbwi na majahazi kuvuka ziwa. Kila sanduku la risasi lililofika upande wetu lilibebwa na binadamu.

Njia hiyo moja ilitumiwa na watu wa namna zote. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868, walituma msafara wao wa kwanza kwenye Maziwa Makuu mwaka 1878, nao wakafika Ujiji mwaka 1879. Shirika la Kimataifa la Mfalme Leopold wa Pili lilianzisha kituo cha Karema mwaka 1879, na mwaka 1883 Luteni Émile Storms akaanzisha kile cha Mpala, upande wetu wa ziwa. Wafanya biashara wa pembe za ndovu na watumwa walikuwa wameijua njia hiyo kabla ya hao wote. Mkubwa wao katika ziwa letu alikuwa Muhammad bin Khalfan, mwenye makao Ujiji, ambaye watu walimwita Rumaliza, maana yake yule anayemaliza kila kitu.

Silaha zilikuwa mzunguko usio na mwisho. Bunduki ilinunua pembe. Bunduki hiyohiyo ilivamia kijiji. Waliotekwa walizibeba pembe mpaka pwani, na huko pembe zikanunua bunduki nyingine. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha 80,000 mpaka 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka kwa njia ya biashara. Nyingi zilikuwa magobori na bunduki za gumegume zilizokwisha kuachwa na majeshi ya Ulaya, na karakana za Liège zilikuwa miongoni mwa zilizolisha soko hilo. Tusilisahau jambo hili chungu: mji uliofua silaha za kupigana na biashara ya watumwa ulifua pia silaha za kuiendesha.

Mwaka huohuo wa 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka Ulaya akiwahubiria watu juu ya mateso ya watumwa. Alisema Paris, London na Bruxelles. Mataifa yalikutana Bruxelles mwaka 1889, na tarehe 2 Julai 1890 wakatia sahihi Mapatano ya Bruxelles. Mapatano hayo yalikataza kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake katika sehemu kubwa ya Afrika, toka mstari wa 20 wa kaskazini mpaka mstari wa 22 wa kusini. Ziliruhusiwa, chini ya masharti, gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu na baruti ya biashara. Msafiri aliweza kubeba silaha ya kujilinda kwa cheti cha serikali yake, na silaha zilizoruhusiwa zilipaswa kuandikwa na kutiwa alama.

Juu ya bastola yetu hatukuona alama nyingine isipokuwa za Liège. Hilo lingekubaliana na silaha iliyoingia kabla ya mapatano hayo, au iliyopita gizani baada yake. Hatusemi zaidi ya hapo, kwa sababu kutu huenda ilikula pia alama tunazozikosa.

V. KUPIMA USHUHUDA

Sasa turudi kwa wazee wetu watatu, na tuyapime maneno yao kwa haki.

Kwanza, Kapiteni. Léopold Joubert alizaliwa mwaka 1842 huko Saint-Herblon, magharibi mwa Ufaransa. Mwaka 1860, akiwa kijana wa miaka 18, alijitolea kuwa askari wa Papa, naye alibaki katika utumishi huo mpaka Roma ilipoanguka. Mwaka 1880 alikuja Afrika kuwalinda wamisionari. Mwaka 1887 alifika Mpala, na mwaka 1888 akamwoa Agnes Atakaye, binti wa nchi hii. Hakurudi tena kwao. Aliishi nasi, akalima nasi, akazaa watoto wetu, na mwaka 1927 akafa kwetu, karibu na Moba. Kwamba alikuwa askari wa Papa ni kweli tupu. Kwamba alikuwa na silaha nyingi na kuzitumia dhidi ya wavamizi ni kweli pia. Bastola ya Nagant iliuzwa hata kwa watu wasio wa jeshi, naye angeweza kuinunua au kupewa. Lakini kuweza kuwa nacho si kuwa nacho. Ushahidi pekee uliomtaja ni ile karatasi, na karatasi hiyo tumeikuta ikikosea katika neno lake kubwa.

Pili, afisa wa Kibelgiji. Kwa upande wa silaha, maneno haya ndiyo mepesi kuliko yote kuyasadiki, maana bastola hii ilifanywa kwa ajili ya maafisa wa Ubelgiji. Mwaka 1891 Kapiteni Jules Jacques aliongoza msafara wa Shirika la Wabelgiji la kupinga utumwa mpaka Mpala, akamsaidia Joubert, kisha akajenga Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Mwaka 1892 watu wa Rumaliza waliizingira boma hiyo. Wengine wakaja kumsaidia. Yeyote kati ya hao angeweza kuugua homa kijijini na kuacha bastola yake.

Lakini mwalimu wetu hakumtaja afisa mmoja aliyewatangulia, nasi hatuna ruhusa ya kumruka. Ni Storms mwenyewe. Mwezi wa Desemba 1884 watu wake walimshambulia Lusinga, mtemi wa Marungu, ambaye naye aliuza watu. Wakamwua na kumkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Storms aliondoka mwaka 1885, na kituo cha Mpala kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Kwa hiyo, kama bastola yetu ni ya afisa wa Kibelgiji, haijulikani kama ni ya yule aliyekuja kuwafungua watumwa, au ya wakati ule kichwa cha mtemi kilipochukuliwa kama pembe ya mnyama. Anayetamani silaha ya shujaa akumbuke kwamba chuma hakichagui mkono.

Tatu, mkubwa wa msafara. Mwanzoni sisi wenyewe tuliona maneno haya kuwa mepesi kuyaweka kando. Tulisema: bastola ya afisa wa Ulaya ingefikaje kiunoni mwa Mngwana? Lakini tulipoijua biashara ya Unguja tuliona aibu. Wakubwa wa misafara walikuwa matajiri. Walinunua silaha bora kuliko za watu wao, walipewa nyingine kama zawadi na wasafiri wa Ulaya, na nyingine waliziteka vitani. Tena, kati ya mashahidi watatu, nyanya wa bibi yule ndiye pekee anayesemwa kuwa aliiona silaha kwa macho yake siku baada ya siku, akiwa na sababu ya kutoisahau. Ni kweli kwamba mtoto aliyefungwa hasomi alama za Liège, na bastola mbili za namna hii zafanana kama mayai. Hata hivyo, neno lake lina uzito uleule wa maneno ya wengine.

Basi, hukumu yetu ni hii. Bastola ilifuliwa Liège kwa ndugu Nagant, baada ya mwaka 1877 na kabla ya badiliko la alama la mwaka 1893. Haikuwako Roma. Iliweza kuwa ya Kapiteni, iliweza kuwa ya afisa wa Kibelgiji, iliweza kuwa ya mfanya biashara ya watumwa, na iliweza kupita katika mikono mitatu yote, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa miaka ile silaha zilitekwa na kutekwa tena.

VI. YATUPASAYO

Tulipoleta taarifa hii mbele ya komite, mmoja wetu aliuliza kwa uchungu: “Mmetuondolea bastola ya Kapiteni, mmetuletea nini mahali pake?” Swali hilo ni la haki, nasi tunalijibu hapa.

Kapiteni Joubert hakuondolewa kitu. Utukufu wake haukuwa katika bastola. Watu waliokimbilia boma lake usiku, na kukuta mlango umefunguliwa, hawakuuliza silaha yake ilifuliwa wapi. Heshima inayosimama juu ya masimulizi yasiyo kweli huanguka siku ukweli unapofika, na pengine huangukia juu ya mtu aliyestahili heshima. Afadhali sisi wenyewe tumelirekebisha jambo hili, tena kwa upendo, kuliko kurekebishwa kesho na mgeni atakayetucheka.

Pili, tumepata kitu kikubwa kuliko kile tulichopoteza. Tulipokuwa tukitafuta habari za chuma hiki tulifungua kitabu cha kwanza cha ubatizo cha parokia. Humo, katika kurasa za mwanzo, yako majina mengi yasiyo na jina la baba wala la mama. Mahali pa wazazi padri aliandika neno moja tu kwa Kifaransa, maana yake: aliyekombolewa. Hao walikuwa watoto waliotolewa katika minyororo kwa vitambaa na shanga. Hawakujua tena ukoo wao; parokia ikawa ukoo wao. Wengi wetu tunaosherehekea Yubile hii tumetoka katika kurasa hizo.

Kwa hiyo komite imekubali mambo matatu. Bastola haitawekwa mlangoni pa kanisa wala karibu na altare, wala picha yake haitatiwa kwenye jalada. Itawekwa katika chumba cha maonyesho, juu ya meza ya chini. Na juu zaidi yake, mahali pa heshima, kitawekwa kitabu kile cha ubatizo, kimefunguliwa penye majina ya waliokombolewa. Karatasi ya zamani itabaki sandukuni kama ushahidi wa imani ya waliotutangulia, na karatasi mpya itasema maneno haya tu: Bastola ya baruti nyeusi, kazi ya ndugu Nagant, Liège, Ubelgiji, iliyofuliwa kati ya mwaka 1877 na mwaka 1893. Wazee wetu wanaikumbuka kwa namna tatu. Kisha masimulizi yote matatu yataandikwa chini yake, kila moja kwa urefu ule ule.

Tulikwenda tena kwa bibi yule kumsomea karatasi mpya. Alisikiliza mpaka mwisho, akatuomba tuyarudie maneno yaliyomhusu nyanya yake, kisha akauliza kama jina la nyanya huyo limo katika kitabu. Tulitafuta pamoja, nasi tulilikuta: jina la ubatizo, tarehe, na lile neno moja mahali pa wazazi. Aliliwekea kidole muda mrefu.

Siku ya maonyesho atakuja, naye atapita mlango mkubwa.

Tunawaomba ninyi nyote mnaosoma, hasa familia za kando ya ziwa na za milima ya Marungu: kama nyumbani mwenu mna neno lolote la wazee juu ya nyakati zile, lileteni ofisini kwa paroko liandikwe. Msiogope kwamba halipatani na la jirani. Chuma tumekwisha kukisoma. Vinywa vilivyobaki ni vichache, na kila mwaka vinapungua.